ABDURRAHMAN AS-SUFI: MWANACHUONI ALIYEISAHIHISHA ORODHA YA NYOTA



Ndugu msomaji, kila mwaka jioni ya mwezi 29 Shaaban utatuona sote, wazee kwa vijana, shingo juu. Wengine wako juu ya dari, wengine ufuoni, wengine wamesimama nje ya msikiti, macho yote magharibi. Tunautafuta mwezi. Na akija mtu akasema umeandama, masheikh hawamwachi hivi hivi. Anaulizwa ameuona wapi, saa ngapi, ulikuwa umeelekea vipi. Kisha anaulizwa lile swali zito: je, ameuona kwa macho yake mwenyewe au ameambiwa tu?

Basi leo nataka tumzungumzie mtu aliyeuliza swali hilo hilo kuhusu nyota zaidi ya elfu moja. Wengi wetu tumesoma habari za Ibn Sina na Al-Khwarizmi, lakini huyu hatajwi sana. Jina lake ni Abul Husayn Abdurrahman bin Umar As-Sufi.

Kuzaliwa na maisha yake

As-Sufi alizaliwa katika mji wa Rayy, karibu na ilipo Tehran ya leo, mwezi wa Muharram mwaka 291 Hijria, yaani Desemba 903. Alifariki Muharram mwaka 376, yaani Mei 986. Ukihesabu kwa mwaka wetu wa mwezi aliishi miaka 85 kamili. Kwa kalenda ya ukutani ni miaka 82. Sehemu kubwa ya maisha yake aliyapitisha Isfahan na Shiraz, katika nchi ya Fursi, wakati watawala wa huko walikuwa ni Bani Buwayh.

Mmoja wa watawala hao, Adud al-Dawla, alikuwa mwanafunzi wake. As-Sufi alimzidi umri kwa zaidi ya miaka thelathini. Inasimuliwa kwamba mtawala huyu alikuwa akijifakhari kwa walimu wake watatu: mmoja wa nahau, mmoja wa mahesabu ya sayari, na As-Sufi katika elimu ya nyota. Hebu fikiria, mtu ana jeshi na hazina, lakini anachojivunia ni kuwa fulani ndiye aliyemfundisha majina ya nyota!

Huko Shiraz, As-Sufi alipima njia ya jua mbinguni kwa duara kubwa la kupimia, na pia aliandika kitabu kirefu juu ya astrolabu, kile chombo cha shaba ambacho watu walikitumia kujua saa, nyakati za swala na mahali zilipo nyota. Lakini kazi iliyomfanya akumbukwe mpaka leo ni nyingine.

Orodha aliyoikuta

Yapata miaka 800 kabla ya As-Sufi, katika mji wa Iskandaria kule Misri, aliishi mwanafalaki Ptolemy, ambaye Waarabu humwita Batlamyus. Huyu aliandika kitabu kikubwa ambacho kwa Kiarabu kinaitwa Al-Majisti. Ndani yake mna orodha ya nyota 1,022 zilizopangwa katika makundi 48. Kila nyota imeandikiwa mahali pake mbinguni kwa digrii, na daraja yake ya mwangaza, kuanzia daraja la kwanza kwa zile kali mpaka la sita kwa zile ambazo jicho linaziona kwa shida.

Katika karne ya tisa kitabu hiki kilitafsiriwa kwa Kiarabu zaidi ya mara moja. Al-Hajjaj alikitafsiri, kisha Ishaq bin Hunayn naye akakitafsiri na Thabit bin Qurra akaipitia kazi yake. Tangu hapo kila mtu aliyetaka kujua nyota alishika Al-Majisti. Na ndipo tatizo lilipoanzia.

Makosa yaliingiaje?

Sisi tulio vyuoni tunaijua hii. Mmoja anaandika noti darasani, wenzake kumi wanapiga kopi. Wale kumi wanakopiwa na wengine ishirini. Yule wa kwanza akiandika 8 badala ya 3, siku ya mtihani watu thelathini wanakosea swali moja, na kila mmoja anaapa kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

Enzi hizo hakukuwa na mashine ya chapa. Vitabu vilinakiliwa kwa mkono, na tarakimu za falaki ziliandikwa kwa herufi za abjadi. Tuliosoma madrasa tunajua kuwa jim na ha zinatofautiana kwa nukta moja tu. Katika abjadi jim ni 3 na ha ni 8. Nukta ikisahaulika, nyota imehama digrii tano mbinguni!

Kuna na tatizo jingine. Mafundi walikuwa wakitengeneza tufe la mbingu, yaani mpira wa shaba uliochorwa nyota. Ukilitazama tufe unaliona kwa nje, lakini sisi mbingu tunaiona tukiwa ndani yake. Kwa hiyo kulia kunakuwa kushoto, kama maandishi ya fulana yako unapojitazama kwenye kioo. Mtu akijifunza nyota kwenye tufe tu, akitoka nje usiku anapotea.

Jambo la tatu, wapo waandishi walioeleza nyota kwa ufasaha kabisa lakini hawakuwa wakizijua mbinguni. Walichukua kutoka vitabuni wakaweka vitabuni. As-Sufi aliyaona haya na yakamkera.

Alivyofanya

Mwaka 964 alimaliza kitabu chake, Suwar al-Kawakib ath-Thabita, maana yake Sura za Nyota Zilizotulia, akamtunukia Adud al-Dawla. Humo alilichukua kila kundi kati ya yale 48 akalipitia nyota moja moja.

Kwanza aliangalia mwangaza wa kila nyota kwa macho yake. Pale alipoona nyota imepewa daraja la tatu na yeye anaiona ya nne, aliandika anavyoiona. Tena aliona madaraja sita ni machache, akatumia na ngazi za katikati: hii ni kubwa kidogo ndani ya daraja lake, hii ni ndogo kidogo. Pia alitaja rangi za baadhi ya nyota, na nyota nyingine ambazo hazimo kwenye jedwali la Batlamyus.

Pili, kama hesabu za kitabu zinaiweka nyota mahali ambapo ukitazama mbinguni haipo, alisema wazi kuwa hapa pana kosa.

Tatu, alichora kila kundi mara mbili: jinsi linavyoonekana mbinguni na jinsi lilivyo kwenye tufe. Kwa hiyo msomaji hawezi tena kuchanganyikiwa.

Nne, aliyaweka majina ya Kiyunani pamoja na yale ya Waarabu wa jangwani, ambao walikuwa wakizitumia nyota kwa safari na kwa majira ya mvua. Majina mengine tunayo mpaka huku kwetu. Mabaharia wa pwani wanaijua Suheli, ile nyota kali ya upande wa kusini. Na hata Wazungu leo wanasema Aldebaran, Rigel, Altair na Deneb, na yote hayo ni Kiarabu.

Lakini tuseme kweli, maana mwenyewe hakuficha. Mahali pa nyota hakupima upya zote. Nyota huonekana kusogea polepole sana kadiri karne zinavyopita, na As-Sufi alikubali hesabu ya digrii moja kila miaka 66. Basi alichukua tarakimu za Batlamyus akaongeza digrii 12 na dakika 42 kwa kila nyota, ili zilingane na mwaka 964. Leo inajulikana kuwa mwendo huo ni digrii moja kwa takriban miaka 72. Kwa hiyo hata msahihishaji alibakisha kazi kwa watakaomfuata. Hakuna aliyekamilika isipokuwa Mwenyezi Mungu.

Wingu dogo

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limewashangaza watu wa sayansi.

Katika kundi la Andromeda, ambalo Waarabu waliliita Mwanamke Aliyefungwa Minyororo, As-Sufi alieleza kuwa kuna kidoa kama wingu, karibu na mdomo wa samaki mkubwa ambaye Waarabu walimchora hapo. Batlamyus hakukitaja. As-Sufi hakujua ni kitu gani, na hakujaribu kubuni. Aliona wingu, akaandika wingu, akaonyesha mahali lilipo.

Alikuwa ameandika habari ya galaksi, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota ulio nje kabisa ya huu wetu tunaouita Njia Nyeupe. Hiyo ndiyo habari ya kale zaidi inayojulikana kuhusu Galaksi ya Andromeda. Simon Marius wa Ujerumani aliitazama kwa darubini mwaka 1612. Charles Messier wa Ufaransa aliiandika mwaka 1764 na kuipa nambari 31 katika orodha yake. Ilipofika 1923 na 1924 ndipo Edwin Hubble kule Marekani alipopata ushahidi kuwa iko mbali mno, nje ya galaksi yetu. Leo umbali wake unakadiriwa kuwa miaka ya nuru milioni 2.5. Toka 964 mpaka hapo ni kama miaka 960! Wingu lilingoja ndani ya kitabu mpaka wakapatikana wa kulielewa.

Waliomfuata

Nasiruddin At-Tusi alikitafsiri kitabu chake kwa Kifursi katika karne ya 13. Ulugh Beg, mtawala wa Samarkand, alikuwa na nakala yake. Yeye alizipima nyota upya, na orodha yake ya 1437 ina nyota 1,018, lakini zile za kusini ambazo hazionekani kutoka Samarkand alizichukua kwa As-Sufi. Mwaka 1874 Schjellerup wa Denmark alikitoa kwa Kifaransa, kwa sababu wanafalaki wa wakati wake walitaka kujua ni nyota gani zimebadilika mwangaza, na As-Sufi alikuwa shahidi wa kutegemewa wa miaka 900 nyuma. Ulaya walimwita Azophi, na kwa jina hilo kuna shimo moja kubwa kwenye uso wa mwezi. Yaani mwezi ule ule tunaoutafuta Shaaban una jina lake.

Na kazi ya aina yake bado inafanywa. Mwaka 1983 Marekani, Uholanzi na Uingereza walirusha setilaiti ya IRAS. Kwa muda wa miezi kumi hivi ilitazama mbingu kwa miale ya infraredi, ile miale ya joto ambayo jicho haliioni. Vumbi lililo ndani ya galaksi likipashwa moto na nyota changa hung'aa kwa miale hiyo. Wataalamu wakaandika orodha ya galaksi zinazong'aa zaidi. Baadaye vipimo vya setilaiti vilirekebishwa, na ikaonekana orodha ya kwanza ina kasoro. Je, waliiacha kwa kuwa imeshazoeleka? La. Mwaka 2003 walitoa orodha iliyosahihishwa yenye galaksi 629. Galaksi 39 ambazo hazikuwemo ziliingizwa, na 28 zilizokuwemo ziliondolewa kwa kuwa mwangaza wao ulikuwa haufikii kiwango. Na lile wingu dogo la As-Sufi? Limo.

Tujifunze nini?

Kwanza, As-Sufi alimheshimu Batlamyus. Hakumtukana wala hakukitupa kitabu chake. Lakini heshima haikumzuia kusema hapa pana kosa. Sisi siku hizi tunafanya moja kati ya mawili: ama tunameza kila tulichokikuta, ama tukiona kosa moja tunamdharau mwenye kitabu chote.

Pili, kusahihisha kunataka jasho. Si kazi ya maneno tu. Kabla hajamkosoa mtu alikesha nje akitazama. Leo ujumbe unakuja kwenye simu, umeandikwa ati hadithi, ati dawa, ati sheikh fulani kasema, na kabla hujamaliza kuusoma ushautuma kwa watu hamsini. Wewe umeona au umeambiwa?

Tatu, usione haya kuandika kitu usichokielewa, madhali umekiona kweli. Angelificha lile wingu kwa kuogopa kuulizwa ni nini, sisi tungekosa.

Ukipenda kuliona mwenyewe, inawezekana kabisa hapa Kenya. Ngoja katikati ya Novemba, usiku usio na mwezi, saa tatu za usiku. Toka mahali pasipo na taa za mji, uelekee kaskazini, utazame karibu nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi wa mbingu. Acha macho yazoee giza kwanza. Utaona kidoa cheupe, hafifu. Chukua na mdogo wako, umwonyeshe, lakini usimwambie ni nini kabla hajakwambia yeye anaona nini.

Mwenyezi Mungu amrehemu As-Sufi, na atujaalie elimu yenye manufaa. Ramadhan Karim.

Wabillahi tawfiq.