Bibi Beryl na Farasi Mwenye Miguu Mibovu

Sisi watu wa Pemba twajua punda, maana hubeba karafuu na nazi, na ng'ombe twamjua kwa jembe na kwa mchezo wake pia. Lakini farasi ni mgeni kwetu. Sayyid Said alipokaa Unguja alileta farasi wazuri kutoka Arabuni, na watoto wake walifundishwa kuwapanda tangu utotoni. Lakini hali ya pwani haiwapendezi sana wanyama hawa, maana joto na maradhi huwaua upesi. Bara, katika nchi ya juu yenye baridi, hustawi zaidi. Huko ndiko alikokulia Beryl Markham, mwanamke aliyesifiwa sana kwa kufunza farasi wa mashindano.

Beryl alizaliwa Uingereza mwaka 1902. Alipokuwa mtoto wa miaka minne hivi aliletwa Njoro, katika nchi iitwayo Kenya leo, mahali ambapo baba yake, Bwana Clutterbuck, alikuwa amepata shamba. (Ardhi ile, kama ardhi nyingi za huko, Waingereza waliigawa bila ya kutaka shauri la wenyeji, ni haki mwanafunzi alijue jambo hilo.) Mama yake hakuivumilia nchi, akarudi kwao pamoja na kaka yake Beryl. Mtoto akabaki na baba, na farasi, na majirani Waafrika. Akajifunza Kiswahili na lugha ya Kinandi, akaenda mwituni pamoja na wanaume wenye mikuki kuwinda ngiri, akiwa peku kama wenziwe. Rafiki yake mkubwa alikuwa kijana aitwaye Kibii, ambaye alipokwisha kutahiriwa na kuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta. Likumbukeni jina hili.

Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga unga, tena alikuwa mfunzi wa farasi. Mara moja alifanya mapatano ya kuuza unga kwa bei iliyokwisha kukatwa. Kisha mvua ikakosa. Nafaka ikapanda bei, na unga aliopaswa kuutoa ukamgharimu kuliko fedha alizopewa. Wengine wangalivunja mapatano. Yeye aliyatimiza, akafilisika. Akaenda kutafuta kazi Peru, nchi ya mbali sana katika Amerika ya Kusini. Beryl hakutaka kwenda. Alitia vitu vyake vichache juu ya farasi wake Pegasus, akapanda, akaelekea Molo kuanza maisha yake. Akapewa cheti cha kufunza farasi wa mashindano akiwa na umri wa miaka 18 tu. Katika Kenya hapakuwa bado na mwanamke aliyepata cheti hicho.

Kazi ya mfunzi si kumpanda farasi siku ya mashindano; hiyo ni kazi ya mpanda farasi. Mfunzi humlisha, humtembeza alfajiri, humzidishia mwendo kidogo kidogo, tena humchunguza kila siku, miguu yake, pumzi yake, hata namna alivyokula. Farasi hawezi kusema kuwa mguu wauma. Mfunzi asipouona yeye, hakuna atakayeuona.

Sasa nitawaeleza habari za mwaka 1926. Huko Nairobi kulikuwa na mashindano makubwa yaitwayo St Leger. Beryl alikuwa akimfunza farasi dume mwenye nguvu, jina lake Wrack, na watu wengi walidhani kuwa atashinda. Lakini zilipobaki wiki chache tu, mwenye farasi alisikiliza maneno ya watu waliosema kuwa msichana kama yule hawezi kuaminiwa na farasi wa namna hii. Akamwondoa Wrack, akampa mfunzi mwingine. Kazi yote ya miezi ile ikaenda pamoja naye.

Beryl akasaliwa na farasi jike aitwaye Wise Child, maana yake ni mtoto mwenye akili. Alikuwa wa ukoo mzuri na mwenye moyo, lakini kano za miguu yake zilikuwa zimeharibika kwa kukimbizwa mno zamani. Fikirini shida yake. Farasi asipokimbizwa, pumzi humwishia katikati ya mbio. Na huyu akikimbizwa sana, miguu itakatika. Beryl na arap Ruta, aliyekuwa akifanya kazi pamoja naye, walimtunza kama mgonjwa, wakimzoeza kwa kipimo, leo kidogo na kesho kidogo, hata siku ikafika.

Beryl mwenyewe ameandika katika kitabu chake jinsi mbio zile zilivyokuwa. Wise Child alitangulia. Wrack akamfuata, akamkaribia, na Beryl aliyekuwa akitazama alijua kuwa miguu ya yule jike imekwisha kushindwa. Hata hivyo hakupunguza mwendo. Akafika wa kwanza, na yule Wrack aliyenyang'anywa Beryl akawa nyuma yake. Wakati ule mfunzi wake hajatimiza miaka 25. Kwa maoni yangu sifa ya siku ile ni ya watatu, naye arap Ruta ni mmoja wao, ingawa wengi wakisimulia habari hizi humtaja mara moja tu na kupita.

Baadaye Beryl akajifunza kurusha ndege. Arap Ruta akaacha mazizi pia, akashika kazi ya kutunza ndege. Tarehe 4 Septemba 1936 Beryl aliondoka Abingdon katika Uingereza peke yake, akivuka bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi, na upepo ukimpinga. Baada ya saa zaidi ya 20 injini ikakosa mafuta, akaangukia kwenye kinamasi katika kisiwa cha Cape Breton, nchi ya Kanada. Alitoka na jeraha la kichwa tu. Hapakuwa na mwanamke aliyekwisha kuvuka bahari ile peke yake kutoka Uingereza kwa njia hiyo. Mwaka 1942 kitabu chake kikapigwa chapa.

Watu wengi hudhani kuwa habari zake zaishia hapo, kumbe sivyo. Alirudi Kenya karibu na mwaka 1950, umri wake ukikaribia miaka 50, akaanza tena kufunza farasi kana kwamba hakuwahi kuacha. Katika miaka iliyofuata farasi wake walishinda mashindano makubwa ya Derby mara sita. Uzeeni, akiwa na mali kidogo tu, aliishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa farasi wa barabara ya Ngong, Nairobi. Akafa mjini humo tarehe 3 Agosti 1986.