Rudolf Diesel na Injini Isiyohitaji Cheche

Msamvu, mjini Morogoro, ni mahali zinapokutana barabara kubwa. Moja huenda Dar es Salaam, nyingine huenda Iringa hadi Zambia, na nyingine Dodoma. Malori mengi hupita hapo mchana na usiku. Baadhi yake hubeba mboga zilizolimwa Mgeta, juu katika milima ya Uluguru. Lori la mboga likikataa kuwaka, jasho la mkulima huweza kuoza kabla ya kufika sokoni. Ili tufahamu fundi hutafuta nini katika lori kama hilo, yatupasa kwanza kujua habari za mtu aliyebuni injini ya namna hiyo. Mtu huyo aliitwa Rudolf Diesel, na mafuta ya dizeli yamepewa jina lake.

Rudolf Diesel alizaliwa tarehe 18 Machi 1858 katika mji wa Paris, nchini Ufaransa. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa vitu vya ngozi. Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Wafaransa na Wajerumani, na familia yake ikalazimika kuhamia London. Maisha yao huko yalikuwa magumu. Kwa hiyo Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa Augsburg, Ujerumani, kuishi kwa jamaa yake aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Alijifunza kwa bidii, kisha akaingia chuo cha ufundi cha Munich, akahitimu mwaka 1880.

Katika chuo hicho alifundishwa na Profesa Carl von Linde, mtaalamu wa mitambo ya kutengenezea barafu. Hapo Diesel alijifunza kwamba mashine za mvuke za wakati ule zilipoteza sehemu kubwa ya joto la makaa ya mawe. Alikata shauri kutafuta injini ambayo ingetumia joto hilo vizuri zaidi.

Alijua jambo moja muhimu: hewa ikigandamizwa kwa haraka hupata joto. Tangu zamani watu wa kusini-mashariki mwa Asia walitumia jambo hilo kuwasha moto. Walikuwa na kifaa chenye mrija uliozibwa upande mmoja na kijiti kilichoubana barabara. Waliweka kitu kikavu ndani yake, wakakisukuma kijiti kwa ghafula, nacho kitu kile kikashika moto bila kiberiti.

Diesel alifikiri hivi: ikiwa hewa itagandamizwa ndani ya silinda ya injini mpaka iwe na joto kali sana, mafuta yakinyunyizwa humo yatawaka yenyewe. Mwaka 1893 alipewa hataza ya ubuni wake, yaani haki ya mbunifu inayolindwa na sheria. Kiwanda kimoja cha Augsburg kilikubali kumsaidia kuunda injini hiyo.

Kazi haikuwa rahisi. Tarehe 10 Agosti 1893, katika jaribio la kwanza, mafuta yaliwaka kwa nguvu nyingi mno. Kipimo kilichofungwa juu ya injini kikapasuka kwa kishindo. Diesel alinusurika, tena aliona kwamba wazo lake lilikuwa la kweli, kwani mafuta yaliwaka bila cheche. Alirekebisha na kujaribu tena kwa muda wa miaka mitatu na zaidi. Mwaka 1897 injini yake ilipimwa rasmi. Katika kila sehemu 100 za joto la mafuta, sehemu 26 ziligeuka kuwa kazi. Mashine nyingi za mvuke za siku zile hazikufikia hata sehemu 15.

Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, injini moja ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ilifanya kazi vizuri hata watu wachache tu walitambua jambo hilo.

Hata hivyo Diesel hakuishi kwa raha. Afya yake ilidhoofika, na madeni yakamlemea. Tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli iitwayo Dresden kwenda Uingereza. Asubuhi yake hakuonekana tena melini. Mwili wake ulipatikana baharini siku chache baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 55, na hadi leo hakuna ajuaye kwa hakika jinsi alivyokufa.

Injini zake za kwanza zilikuwa kubwa na nzito, zikafaa viwandani na katika meli. Wahandisi wengine waliendelea kuzipunguza. Mwaka 1924 kiwanda kile cha Augsburg, ambacho wakati huo kiliitwa MAN, kilitoa lori la dizeli.

Fundi hutafuta nini?

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama injini ya petroli. Ili iwake huhitaji mambo mawili: hewa yenye joto kali ndani ya silinda, na mafuta yanayofika humo kwa wakati wake. Fundi hukagua kwa utaratibu.

Kwanza, husikiliza stata, yaani mota ya umeme inayoanza kuzungusha injini. Ikizunguka polepole, hukagua betri na nyaya zake. Pistoni ikipanda polepole, joto la hewa hupotelea katika chuma cha silinda, hasa wakati wa baridi, na mafuta hayawaki.

Pili, stata ikizunguka vizuri, fundi hutazama bomba la moshi. Pasipotoka moshi hata kidogo, huenda mafuta hayafiki. Hukagua tangi, chujio na mabomba ya mafuta. Hewa ikiingia katika mabomba hayo, pampu hushindwa kazi, kwa sababu hewa hugandamizwa kwa urahisi lakini mafuta sivyo. Fundi hulegeza skrubu, hupiga pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kisha huikaza tena.

Tatu, moshi mweupe ukitoka na injini isiwake, mafuta yanafika lakini hayaungui. Katika lori la zamani, yawezekana ringi za pistoni zimelika. Hewa huvuja, haigandamizwi vya kutosha, wala haipati joto linalotakiwa.

Hivyo hewa inayogandamizwa ndani ya silinda huwasha injini, na hewa hiyo hiyo ikiingia katika bomba la mafuta huizuia isiwake.

Jaribio

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini haraka mara 20. Gusa upande wa chini wa pampu. Je, unahisi nini?

Maswali

1. Kwa nini Rudolf alipelekwa Augsburg alipokuwa mtoto?
2. Hewa hubadilikaje inapogandamizwa kwa haraka?
3. Jaribio la mwaka 1893 lilimthibitishia Diesel jambo gani?
4. Lori la dizeli halitoi moshi stata inapozunguka. Fundi atakagua nini?
5. Eleza kwa nini ringi zilizolika huzuia mafuta kuwaka.