Wilma Rudolph: mama wa mtoto mmoja aliyerudi kukimbia

Wakaaji wa kartiye Lumumba hapa Bunia wanajua jina la kartiye yao limetoka kwa nani. Wazee wanakumbuka pia tarehe 5 Septemba 1960, jioni ile Rais Kasa-Vubu aliposema kwenye radio kwamba amemuondoa Patrice Lumumba kwenye kiti cha Waziri Mkuu. Lakini siku ile ile, kule Roma, Italia, msichana mweusi wa miaka 20 alisimama kwenye mstari wa kuanzia fainali ya mita 200 ya Michezo ya Olimpiki. Jina lake Wilma Rudolph. Nyumbani Marekani alikuwa ameacha mtoto wa miaka miwili, na siku chache mbele yake kifundo cha mguu wake kilikuwa kimevimba.

Nimeandika habari hii juu ya ujumbe ulioletwa kwenye kipindi chetu. Mama mmoja kijana aliuliza kama mtu aliyezalia kwa wazazi, akaumia mguu, na kichwa chake kikajaa mawazo mengi, anaweza kurudi kukimbia, ao ajitulize tu. Swali lilinigusa. Mimi pia nalea watoto wawili peke yangu, na miaka mitatu nyuma nilianguka na taksi moto wakati wa mvua, nikakaa miezi minane bila kukimbia. Anayekimbia anajua: mguu unapokaa, kichwa hakikai, kinazunguka usiku wote. Sikuwa na jibu la daktari. Nikakumbuka Wilma.

Alizaliwa tarehe 23 Juni 1940, karibu na muji wa Clarksville, katika jimbo la Tennessee. Alizaliwa kabla ya wakati, uzito wake kama kilo mbili tu. Baba yake, Ed, alifanya kazi ya kubeba mizigo ya wasafiri kwenye treni, na kwa ndoa zake mbili alipata watoto 22, Wilma akiwa wa 20. Mama yake, Blanche, alifagia na kufua kwenye nyumba za wazungu. Kwa hiyo tusiwaze kwamba kila Mmarekani anazaliwa na pesa. Ile nyumba ilikuwa na wingi wa vinywa kuliko sahani.

Mtoto alipata homa ya mapafu, kisha homa nyekundu, kisha polio. Chanjo ya polio ilikuwa haijapatikana bado. Ilianza kutolewa mwaka 1955, yeye akiwa tayari msichana mkubwa. (Wazazi wanaofunga mlango wakati watu wa chanjo wanapita kwenye avenyu zetu, hapa wasome mara mbili.) Mguu wa kushoto ukakosa nguvu, ukapinda. Madaktari waliona hatatembea vizuri.

Hospitali za kule zilitenga weusi na wazungu, kwa hiyo Blanche alimpeleka mtoto Nashville, kwenye hospitali ya Meharry, iliyokuwa ya weusi. Ni kilometa karibu 80, sema kama kutoka hapa Bunia kuelekea Mongbwalu. Walipanda bisi kila juma, na ndani ya bisi waliketi nyuma, juu ya ngozi yao. Kule waliupasha mguu moto, wakaukanda, wakaunyoosha. Kisha mama alijifunza namna ya kukanda, akafundisha wakubwa wa Wilma, na nyumbani wakawa wanapokezana: mara nne kwa siku, kila siku. Hapo ndipo ninaposimama kila mara ninaposoma maisha yake. Watu wanasema Wilma alikuwa na mbio za kuzaliwa nazo. Kumbe zile mbio zilitengenezwa na mikono ya mama mchovu aliyetoka kufagia nyumba za wengine, na ya ndugu waliokuwa na michezo yao ya kwenda kucheza.

Alivaa chuma kwenye mguu miaka mingi. Kufikia miaka 12 alikuwa anatembea bila chuma wala kiatu cha pekee, na katika uwanja wa nyumba kaka zake walikuwa wameweka kikapu cha basketi. Kwenye sekondari ya Burt akaingia kwenye timu ya basketi. Kocha wake, Clinton Gray, alimpa jina la utani la mbu, kwa kuwa hakutulia, kila mara alikuwa anavuma mbele ya macho yake.

Katika michezo hiyo alionekana na Ed Temple, kocha wa wasichana wa riadha wa chuo cha Tennessee State, Nashville. Temple alikuwa mtu mkali. Inasimuliwa kwamba siku moja Wilma alichelewa nusu saa kwenye mazoezi, akapewa mizunguko 30 ya uwanja, mmoja kwa kila dakika. Kesho yake alifika nusu saa mbele ya saa. Mwaka 1956, akiwa na miaka 16 tu na angali mwanafunzi wa sekondari, alikwenda Melbourne, Australia, kwenye Olimpiki. Mita 200 alitolewa mapema. Lakini katika mbio za kupokezana kijiti, mara nne mita 100, timu yao ilipata shaba.

Sasa tufike kwenye lile swali la mama wetu. Mwaka wa mwisho wa sekondari, Wilma akapata mimba. Baba wa mtoto alikuwa Robert Eldridge, mchezaji wa shule ileile. Unajua nyumba ya mzazi mkali siku habari ya namna hiyo inapofika. Baba yake hakumfukuza, lakini hakutaka kumuona tena yule kijana, wala ndoa hakuikubali kwa wakati ule. Na kwenye riadha mlango ulikuwa umefungwa: Temple alikuwa na sheria kwamba mwenye mtoto haingii kwenye timu yake. Hapa kwetu tunaijua sheria hiyo hata pasipokuwa na mtu aliyeiandika. Msichana akizaa, minervali inahamia kwa kaka yake, viatu vya mazoezi anapewa mdogo wake, na yeye anapewa jembe ao meza ya kuuzia nyanya sokoni.

Wilma aliokolewa na watu wawili watatu waliokataa kumhesabia kwamba amekwisha. Wazazi wake walikuwa wa kwanza. Kisha Temple, yule mkali, alilegeza sheria yake kwa ajili yake. Yolanda akazaliwa mwezi wa Julai 1958. Septemba ya mwaka uleule mama yake aliingia chuo. Hesabu mwenyewe: miezi miwili.

Mtoto alibaki kwa familia. Kwa muda fulani alikaa kwa dada mkubwa wa Wilma katika muji wa St. Louis, mbali sana, na Wilma alijua uchungu wa kuwa mama ambaye mtoto wake anaanza kuzoea mikono ya mwingine. Baadaye Yolanda akarudishwa Clarksville. Hili sitalipamba. Kuna wanaosema mama mwema haachi mtoto kwenda kukimbia. Lakini wanaume wangapi wa hapa wanaacha watoto kwenda kutafuta dhahabu Mongbwalu, na hakuna anayewauliza kama ni baba wema?

Chuoni wasichana wa Temple hawakuishi kama nyota. Walilipiwa masomo kwa kufanya kazi, saa mbili kila siku, kisha darasa, kisha mazoezi. Mwili uliozaa haukurudi siku moja. Mwaka 1959 aliumia msuli wa paja, akakatika katikati ya majira. Mwanzoni mwa mwaka 1960 alikuwa anashindwa na wasichana aliokuwa anawapita, bila kujua sababu. Madaktari wakagundua kwamba mafindofindo ya koo yake yameoza, wakayatoa. Ni baada ya hayo yote, mwezi wa Julai 1960, ndipo alipokimbia mita 200 kwa sekunde 22.9 huko Corpus Christi, Texas. Ilikuwa rekodi ya dunia. Yolanda alikuwa anatimiza miaka miwili.

Roma, siku moja mbele ya mita 100, Wilma alikuwa akichezacheza kwenye majani. Mguu ukaingia kwenye shimo, kifundo kikapinda. Ukafungwa bandeji, ukainuliwa juu usiku mzima. Tarehe 2 Septemba akakimbia fainali kwa sekunde 11.0. Muda ule haukuandikwa kama rekodi kwa kuwa upepo wa nyuma ulizidi kipimo, lakini medali ya dhahabu haina neno na upepo. Tarehe 5 akachukua ya pili, mita 200, kwa sekunde 24.0. Tarehe 8 akasimama kwenye zamu ya mwisho ya kupokezana kijiti, pamoja na Martha Hudson, Lucinda Williams na Barbara Jones, wote wasichana wa Temple. Kijiti kilikaribia kuanguka wakati wa kupokea. Akakikamata, akamfuata Jutta Heine wa Ujerumani, akampita. Dhahabu tatu. Hakuna mwanamke wa Marekani aliyekuwa amefanya hivyo katika riadha kwenye Olimpiki moja. Waitaliano wakamuita swala mweusi. Siku mbili baadaye, katika muji uleule, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni bila viatu. Mwezi ule Kongo ilikuwa na machozi yake, na wachache hapa walipata nafasi ya kusikia habari za mbio.

Aliporudi, Clarksville ilitaka kumfanyia sherehe. Gavana wa jimbo, Buford Ellington, alikuwa mtu wa kutetea utengano, na desturi ilikuwa wazungu upande wao, weusi upande wao. Wilma akakataa kuingia kwenye sherehe ya namna hiyo. Basi tarehe 4 Oktoba 1960 wote walitembea kwenye barabara moja na kula kwenye meza za chumba kimoja, mara ya kwanza katika muji ule. Mimi naona hiyo ni medali ya nne, na ilikuwa nzito kuliko zile tatu.

Mwaka 1961 aliweka rekodi ya dunia ya mita 100, sekunde 11.2, kule Stuttgart. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22, akaacha mbio. Mwaka 1963 serikali yake ikamtuma Afrika ya Magharibi: alikuwa Dakar kwenye Michezo ya Urafiki, akapita Ghana, Guinea, Mali na Upper Volta, inayoitwa leo Burkina Faso. Huku kwetu hakufika.

Wengi wanapomsimulia wanaishia hapo, kwenye medali. Lakini mama aliyetuandikia hakuuliza juu ya medali. Aliuliza juu ya kichwa. Nchi ilimpigia Wilma makofi, haikumpa mshahara. Sheria za riadha za wakati ule hazikuruhusu mkimbiaji kulipwa. Ndoa ya kwanza, na William Ward, ilidumu kama miaka miwili. Mwaka 1963 aliolewa na Robert, baba wa Yolanda, wakazaa wengine watatu, kisha ndoa hiyo pia ikavunjika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Akabaki na watoto wanne. Alikuwa amesomea ualimu wa shule ya msingi. Alifundisha, akafanya kazi hapa na pale, akahama Indiana, Maine, Detroit, California, kila mara akitafuta mahali panapomtosha. Katika kitabu cha maisha yake alichotoa mwaka 1977 hakuficha kwamba pesa zilikosa, wala kwamba kushuka kutoka kwenye umaarufu kulimchoma. Jirani zetu wa Uganda wanaijua hadithi hiyo: Judith Ayaa, aliyepata shaba ya mita 400 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh mwaka 1970, miaka mingi baadaye alikutwa akiponda mawe Kireka, Kampala, ili watoto wake wale.

Wilma hakurudi kwenye kiwanja kushindana tena. Alirudi kwa njia nyingine. Mwaka 1981 alianzisha shirika lake Indianapolis, kwa watoto ambao wazazi wao hawakuwa na pesa za michezo wala za masomo. Alisema na wasichana, alifundisha, alisafiri. Yolanda mwenyewe alikua akawa mkimbiaji, akaingia chuo kilekile cha Tennessee State, chini ya kocha yuleyule.

Mwaka 1994 mama yake, Blanche, akafariki. Muda si mrefu madaktari wakamkuta Wilma na kansa ya ubongo. Katika miezi ya mwisho alipopata nguvu alikuwa anatembea polepole kwenye uwanja wa Tennessee State, Temple pembeni yake. Alikufa tarehe 12 Novemba 1994, akiwa na miaka 54, akazikwa Clarksville. Barabara moja kubwa ya muji ule, ambamo zamani aliketi nyuma ya bisi na mama yake, leo inaitwa Wilma Rudolph.

Kwa mama aliyetuandikia: namba ya kipindi ni ileile. Asubuhi za Jumamosi kuna wanawake wanne watano wanaokimbia kutoka Lumumba, jua likishachomoza, polepole, kwa kuwa mimi mwenyewe mguu wangu bado unalalamika kwenye kilima.