Ronald Ngala na kiti cha aliyeshindwa

Asiyekubali kushindwa si mshindani, ndivyo tusemavyo, na kila baada ya uchaguzi mkuu humu nchini methali hii huelekezwa kwa yule aliyebwagwa. Walakini methali yenyewe haituambii aliyekubali kushindwa afanye nini kesho yake. Je, arejee katika kiti kile kile cha chama kwa miaka mitano mingine? Ampishe mwenzake? Au akivunje chama na kwenda zake? Mimi ni mwalimu wa historia hapa Thika, makazi yangu yakiwa Ruiru, na kila tufikapo kwenye somo la vyama vya siasa wanafunzi wangu huniuliza swali hilo. Huwajibu kwa kuwasimulia maisha ya mtu ambaye wengi wao wanamjua kama jina la barabara jijini Nairobi tu, yaani Ronald Gideon Ngala.

Ngala alizaliwa mwaka wa 1923 katika nchi ya Wagiriama, Kilifi. Alisoma Alliance, kule Kikuyu, kisha akaenda Makerere na kuhitimu ualimu. Walimu wenzangu na wamkumbuke kwanza kwa hilo. Kabla hajawa mwanasiasa alishika chaki, akapanda hadi kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, Mombasa, na tena akaandika kwa Kiswahili kitabu kuhusu nchi na desturi za Wagiriama. Siasa zilimchukua kutoka darasani. Mwaka wa 1957 alikuwa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Waafrika wenzao, na mapema mwaka wa 1960 ndiye aliyeuongoza ujumbe wa Waafrika katika mkutano wa katiba jijini London, Tom Mboya akiwa katibu wake. Alikuwa na umri wa miaka 37 hivi.

Mnamo Mei mwaka huo huo chama cha KANU kilizaliwa katika wilaya yetu ya Kiambu. Ngala hakuwapo, na wenzake walimchagua kuwa mweka hazina. Cheo hicho alikikataa. Yamkini mtu aliyekuwa kiongozi wa ujumbe mzima hakuona fahari kukabidhiwa mfuko wa fedha, lakini si hilo tu: jamii ndogo ndogo zilihofia kumezwa na zile kubwa. Mwezi wa Juni viongozi wao walikutana Ngong wakaunda KADU, Ngala akiwa rais wa chama, Masinde Muliro makamu wake na Daniel arap Moi mwenyekiti.

Uchaguzi wa Februari 1961 KADU ilishindwa. KANU ilipata viti 19, KADU 11. Hata hivyo KANU ilikataa kuunda serikali maadamu Jomo Kenyatta angali kizuizini, na Ngala akakubali kuiunda kwa msaada wa wajumbe wa Kizungu na Kihindi. Kuna wanaomtetea kwamba nchi haiwezi kukaa bila serikali, na ni kweli kwamba Kenyatta aliachiliwa mwezi wa Agosti, Ngala akiwa bado kiongozi wa shughuli za serikali. Mimi naona hapo ndipo alipoonja sumu tamu. Alishindwa na bado akatawala, na mtu akishaonja hayo mara moja huwa vigumu kwake kuamini kwamba kura za wananchi ndizo zenye kauli ya mwisho.

Mei 1963 kura zilisema tena, na safari hii hapakuwa na mlango wa nyuma. KANU ilipata viti 83 katika Baraza la Wawakilishi, KADU 33. Huku kwetu hakuna aliyeshangaa. Kwa wakulima wadogo na vibarua wa mashamba ya kahawa na mkonge ya Ruiru na Thika, neno majimbo lilisikika kama ua lililojengwa kuwazuia wasiende kutafuta ardhi Bonde la Ufa. Kenyatta akawa Waziri Mkuu, Ngala akawa kiongozi wa upinzani.

Akabaki vilevile rais wa chama. Kwa muda wa mwaka mmoja na miezi kadhaa wabunge wake walimtoroka mmoja mmoja kujiunga na serikali, na serikali kuu nayo haikuwa na haraka ya kuyapa majimbo madaraka na fedha yalizoahidiwa na katiba. Simlaumu mtu kwa kuchoka katika hali kama hiyo. Lakini tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alitangaza bungeni kwamba KADU imevunjwa, akahamia upande wa serikali pamoja na wenzake. Walishangiliwa sana, wakasifiwa kwa uzalendo na umoja. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakaanza kubomolewa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaomtaja Ngala kuwa mfano wa kiongozi aliyejua kung'atuka. Ngala hakung'atuka. Aling'oka na mti mzima. Kiti cha rais wa KADU kilikuwa chake kukiacha, lakini chama kilikuwa pia mali ya waliokipigia kura kule Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi, ambao waliamka siku moja wakajikuta hawana wa kuwasemea. Mwaka huo huo wa 1964, mwezi wa Oktoba, chama cha Conservative kilishindwa kule Uingereza. Kiongozi wake, Alec Douglas-Home, aliondoka Julai mwaka uliofuata, chama kikamchagua Edward Heath, na mwaka wa 1970 kikarudi madarakani. Najua mtaniambia kwamba Kenya si Uingereza na kwamba kiongozi wetu huja na kura za watu wake, akiondoka zinaondoka naye. Ni hoja nzito. Lakini Ngala alikuwa mwalimu mkuu. Alipoondoka Buxton shule haikufungwa.

Sisi wa Thika na Ruiru hatuna haja ya kwenda mpaka Kilifi kujifunza jambo hili. Mwaka wa 1992 miji hii miwili ilikuwa katika eneo bunge la Juja, nalo lilimchagua mbunge wa Ford-Asili, chama cha Kenneth Matiba. Matiba alikuwa wa pili nyuma ya Moi katika kinyang'anyiro cha urais, na chama chake kikapata viti 31. Afya yake ilikuwa imedhoofika tangu alipowekwa kizuizini mwaka wa 1990. Mwaka wa 1997 alisusia uchaguzi, na kile chama kilichotetemesha mji wa Thika kikaambulia kiti kimoja tu nchini kote. Haukuwapo mkono mwingine uliokuwa umezoezwa kushika usukani.

Wazo la Ngala halikufa naye. Katiba ya mwaka wa 2010 ilileta kaunti, na ingawa kaunti si majimbo yale ya 1963, leo shule za chekechea za Ruiru na hospitali kubwa ya Thika ziko chini ya serikali ya Kiambu, wala si Nairobi. Wajukuu wa wale waliolipinga jambo hili ndio wa kwanza kulalamika fedha za kaunti zinapochelewa.

Mwenyewe alipewa uwaziri. Machi 1966 KANU ilikutana Limuru, ikakifuta cheo cha makamu wa rais wa chama kilichokuwa cha Oginga Odinga na kuweka mahali pake makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa. Ngala alikuwa wa Pwani. Odinga akatoka akaunda KPU, ambayo ilipigwa marufuku mwaka wa 1969, na uchaguzi wa mwaka huo ukawa wa chama kimoja. Desemba 1972 gari la Ngala lilipata ajali karibu na Konza, katika barabara ya Mombasa, naye akafariki siku ya Krismasi akiwa bado waziri. Katika bunge alilokuwa mwanachama wake siku hiyo, hapakuwa na mbunge hata mmoja wa upinzani.