Fumo Liyongo na Mahabusu wa Leo

Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani yetu ya kaskazini, ana mengi ya kuwafunza wanaoshughulikia haki za washtakiwa. Kaburi lake huonyeshwa karibu na Kipini, Mto Tana unapoingia baharini. Utenzi wa Muhammad Kijumwa, wa mwaka 1913, ndio ulioeneza habari zake.

Masimulizi yanaeleza kwamba mfalme wa Pate alimwogopa asije akampokonya kiti. Liyongo akaishi msituni na Wasanye na Wadahalo, hatimaye akakamatwa na kutiwa minyororo. Hatuelezwi kwamba alisomewa shtaka, wala kwamba alitokea wa kumdhamini. Aliulizwa tu alitakalo kabla ya kuuawa, naye akaomba ngoma ya gungu.

Lugha ndiyo iliyomwokoa. Alimpelekea mamaye ujumbe wa shairi kwa kinywa cha kijakazi Saada, na walinzi hawakuung'amua. Mama akaoka mikate mizuri, na mmoja wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wakala ile mizuri, wakamwachia mfungwa wa wishwa. Ngoma ilipopamba moto, akakata minyororo akatoroka. Baadaye aliuawa na mwanawe mwenyewe, aliyehadaiwa na mfalme.

Leo Garsen ina Mahakama Kuu, na Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yaamuru mshikwa aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, na aachiliwe kwa dhamana yenye masharti ya haki pasipo sababu nzito ya kumzuia. Hakimu aweza kuomba ripoti ya afisa wa probesheni kuhusu makao na jamaa za mshtakiwa.

Mimi mwanaisimu nauliza: ubora wa huduma hizi tuupime kwa nini? Wingi wa ripoti hautoshi. Tumuulize mfugaji wa Kiorma au mkulima wa Kipokomo kama alielewa masharti ya dhamana yake, na kama afisa aliyemhoji alikuwa na mkalimani. Kutoelewana kulikomwokoa Liyongo ndiko kunakomweka ndani maskini asiyejua Kiingereza cha korti.

Walimu na wanafunzi wa lugha, ukalimani wa mahakamani ni kazi yetu. Tuusomeshe kwa bidii ile ile tunayousomesha utenzi.