Mwalimu Nyerere, saratani ya damu na faida ya kutembea

Oktoba 1967, Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa Tanzania mwenye umri wa miaka 45, aliondoka kijijini kwake Butiama kwa miguu kwenda Mwanza kwenye mkutano wa TANU. Ni safari ya kilomita zipatazo 200. Aliitembea kuunga mkono Azimio la Arusha, kama walivyofanya vijana wengi mwaka ule.

Miguu yake ilizoea. Alizaliwa Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, akachunga mifugo mpaka alipopelekwa shule Musoma akiwa na miaka 12. Alipoacha urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima.

Kufikia mwaka 1998 alikwishajua kwamba ana lukemia sugu, saratani ya damu inayokwenda polepole. Wananchi wengi hawakujua. Yeye, na miaka yake 76, aliendelea kusuluhisha mgogoro wa Burundi katika mazungumzo ya Arusha.

Mama, pengine unajiuliza aliwezaje. Katika lukemia sugu, chembe nyeupe zisizo na kazi huongezeka taratibu, na wagonjwa wengine hukaa miaka wakipimwa tu kabla ya kuanzishiwa dawa. Kinachowasumbua wengi ni uchovu usioisha hata baada ya kulala. Sisi walezi tukiuona, tunamtandikia mzee mkeka na kumnyang'anya jembe, tukidhani ndiyo huruma. Lakini misuli isiyotumika hulegea, na uchovu huzidi. Mazoezi mepesi huupunguza.

Mkishakubaliana na daktari, anzeni na kidogo: dakika 10 za kutembea jioni, mahali ambapo mnaweza kuongea bila kuhema sana. Baada ya siku chache ongezeni kidogo. Kuinuka kitini na kukaa tena mara kadhaa huimarisha mapaja, na chupa ya maji ya nusu lita inatosha kwa mikono. Siku akichoka zaidi, fupisheni.

Muulize daktari mambo mawili. Bandama imevimba? Kama imevimba, asibebe mizigo mizito wala asicheze michezo ya kugongana tumbo. Chembe zinazogandisha damu zimepungua? Basi aepuke kazi na michezo ya kumwangusha au kumkata. Akipata homa, acheni mazoezi na mmpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kinga yake ni dhaifu, na Panadol ya dukani haitoshi.

Kutembea hakuponyi lukemia, na mtu asikudanganye hivyo akuuzie chochote. Mwaka 1999 hali ya Mwalimu ilibadilika, akaenda London kutibiwa. Alifariki huko katika hospitali ya St Thomas' tarehe 14 Oktoba, akiwa na miaka 77, na akazikwa Butiama.