Annie Oakley: Binti aliyelipa deni la mama yake kwa shabaha

Annie Oakley, mmoja wa walenga shabaha mashuhuri zaidi duniani, alizaliwa Agosti 13, 1860 katika jimbo la Ohio, Marekani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Phoebe Ann.

Alifiwa na baba akiwa na miaka 5, na familia ikatumbukia kwenye ufukara. Akiwa na miaka 8 hivi alianza kutumia bunduki ya marehemu baba yake, si kwa mchezo bali kutafuta kitoweo. Ndege na wanyama aliowawinda aliwauza madukani na hotelini. Kufikia miaka 15, alikuwa amemaliza deni la shamba la mama yake.

Baadaye alimshinda mlenga shabaha maarufu Frank Butler katika mashindano. Butler alimwoa, kisha akamwachia jukwaa na kuwa msimamizi wake. Kuanzia 1885, Annie alizunguka Marekani na Ulaya na kundi la maonyesho la Buffalo Bill.

Aliwafundisha maelfu ya wanawake kulenga shabaha. Alifariki Novemba 3, 1926. Butler alimfuata siku 18 baadaye.